Kinu Kisicho na Vumbi

Kongwa inajulikana na mabingwa wa macho duniani kote. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani wakiongozwa na Profesa Sheila West wamefanya kazi na wenzao Watanzania katika vijiji vya wilaya hiyo ya Mkoa wa Dodoma, wakichunguza trakoma, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita vikope. Utafiti wao kuhusu kuwanawisha watoto uso, uliochapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet, bado husomwa na wanafunzi wa afya ya jamii mbali na hapa. Mwaka 1999 Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea azithromycin ya msaada kwa ajili ya ugonjwa huo. Dozi yake ni moja tu: miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, mtu mzima gramu moja. Watoto wadogo hupewa ya maji, inayokorogwa kutoka kwenye unga uliomo ndani ya chupa.

Kabla ya hapo, tegemeo lilikuwa dawa ya macho ya mafuta: tetracycline ya asilimia moja, kupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Mama anayechota maji mbali na kuamka alfajiri kwenda shambani anajua wiki sita ni muda gani. Lakini ninachotaka kukizungumzia leo ni kile kilichomo ndani ya mafuta yale. Tetracycline haiyeyuki katika mafuta; imo humo kama chembechembe ngumu zilizotawanyika. Na jicho la mgonjwa wa vikope aliyefikia hatua za mwisho limeshakwaruzwa, kwa sababu kope zimegeukia ndani na zinasugua kioo cha jicho kila anapopepesa. Chembe kubwa ya dawa katika jicho hilo ni mateso juu ya mateso.

Ndiyo maana vitabu vya viwango vya dawa vya Ulaya vina sharti kali kuhusu marhamu za macho. Katika kila mikrogramu 10 za dawa, chembe zinazozidi mikroni 25 zisiwe zaidi ya 20. Kati ya hizo, zinazozidi mikroni 50 zisiwe zaidi ya mbili. Na isiwepo hata moja inayozidi mikroni 90. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, kwa hiyo sharti hilo linahusu vitu ambavyo macho huvipambanua kwa shida, au hayavioni kabisa. Ili lifikiwe, mahali fulani, kabla tyubu haijajazwa, mtu amesaga. Amechagua mashine, mwendo na muda, kisha akapima alichopata.

Tunaposema habari za dawa nchini, tunasema bei, upungufu vituoni, dawa bandia na bohari. Kusaga hatukutaji. Naona ni pengo kubwa, kwa sababu ukubwa wa chembe ni sehemu ya dawa sawa na kiambato chenyewe. Nchi inayotaka kutengeneza vidonge vyake bila kuijua hatua hii itaishia kufungasha tu.

Ushahidi ni wa zamani. Mwaka 1897, Arthur Noyes na Willis Whitney, wanakemia wa Marekani, walichapisha kanuni ya kasi ya kitu kuyeyuka; kanuni hiyo, kama inavyotumika leo, inasema kasi hutegemea eneo la uso wa kitu linaloguswa na maji. Chukua mchemraba wa sentimita moja, ambao pande zake sita zina jumla ya sentimita za mraba sita, uukate katika vijichemraba vya mikroni 10. Uzito haujabadilika, lakini eneo limefikia sentimita za mraba 6,000. Tumbo halina muda wa kusubiri. Dawa isiyoyeyuka upesi hupita na kutoka na choo, na mgonjwa akabaki na maradhi yake.

Hapa Dodoma, mwalimu yeyote wa shule ya msingi anayajua mapunye. Dawa yake ya kumeza kwa miaka mingi imekuwa griseofulvin, na griseofulvin ndiyo hadithi bora kuliko zote katika elimu hii. Haiyeyuki kwa urahisi. Mwaka 1962 watafiti wa Uingereza walichapisha katika jarida la Nature kwamba ikisagwa laini zaidi, kiasi kinachoonekana katika damu hupanda sana. Dozi ya siku ya mtu mzima ikashuka kutoka gramu moja hadi nusu gramu. Dawa ile ile, nusu ya kiasi, kazi ile ile, na kilichobadilika ni kinu. Sijui njia nyingine ya kukata dozi nusu bila kugundua chochote kipya.

Asidhani mtu kwamba laini zaidi ni bora siku zote. Nitrofurantoin, inayotumika kwa U.T.I., ilikuwa ikiwatapisha wagonjwa wengi. Watengenezaji wakaamua kuiacha katika fuwele kubwa ili iyeyuke polepole, na kichefuchefu kikapungua. Digoxin, dawa ya moyo, haina nafasi ya kukosea: kiasi kinachotibu na kinachoua viko karibu mno. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walilinganisha vidonge vya digoxin vilivyoandikwa nguvu ileile, wakakuta tofauti ya hadi mara saba katika damu ya waliovimeza. Lebo zilikuwa sahihi. Utengenezaji ndio uliotofautiana.

Mtu aliyesimama kwenye mashine ya kusaga pale Kibaigwa, mji wa soko kubwa la mahindi, ameshaiona mashine inayotumika katika viwanda vingi vya dawa. Ni ile ya nyundo: ekseli inayozunguka, vyuma vinavyopiga, na chekeche chini linaloamua kipi kipite. Ya dawa imejengwa kwa chuma kisichoshika kutu, imefungwa pande zote na huoshwa kwa utaratibu unaoandikwa, lakini kanuni ni hiyohiyo. Ipo nyingine ya ndege za hewa, isiyo na kisu wala nyundo. Hewa yenye shinikizo kubwa huzifanya chembe zigongane zenyewe hadi zishuke chini ya mikroni 10, na ndiyo inayotegemewa kwa dawa za kuvuta za pumu, ambazo chembe zake lazima ziwe kati ya mikroni moja na tano ili zifike ndani ya mapafu. Na upo mtungi wenye vyuma vya mviringo ndani, unaozunguka. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaufahamu vizuri sana, na wao huita mashine zao makarasha. Upande wa Singida, Sekenke ilianza kutoa dhahabu enzi za Wajerumani, na hadi leo mawe ya uwanda huu wa kati hupondwa.

Basi kama mashine tunazijua, ugumu uko wapi? Uko kwenye kukua. Tuseme mfamasia amesaga gramu 200 katika mashine ndogo ya maabara yenye kipenyo cha sentimita 20, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Ncha ya nyundo inakwenda mita 63 hivi kwa sekunde, na unga umetoka vizuri. Kiwandani mashine ina kipenyo cha sentimita 60. Akiizungusha kwa idadi ileile, ncha itakwenda karibu mita 190 kwa sekunde na unga utatoka mwingine kabisa, tena wenye joto, na baadhi ya dawa hupoteza umbo lao la fuwele zinapopigwa namna hiyo. Akipunguza hadi mizunguko 2,000, kasi ya ncha italingana, lakini muda wa chembe kukaa ndani, mkondo wa hewa na wingi wa migongano havitalingana. Anabaki kujaribu. Kila jaribio linakula kilo za kiambato hai kilichonunuliwa kwa fedha za kigeni, na mara nyingi unga ulioharibika hauwezi kurudishwa mwanzo.

Hapo ndipo kompyuta inapoingia: kinu huigwa ndani yake kwa hesabu, na huo ndio mwigo.

Hesabu za kusaga hazikuanza na kompyuta. Rittinger wa Austria, mwaka 1867, alisema nishati inayotumika hulingana na eneo jipya linalozaliwa. Kick, mwaka 1885, akasema hulingana na ujazo. Bond wa Marekani akaja mwaka 1952 na kanuni ya katikati ambayo migodi inaitumia hadi leo kuchagua ukubwa wa mota. Wote watatu walikuwa wakiangalia kinachoingia na kinachotoka. Kilichotokea ndani ya ngoma hakuna aliyekiona, kwa sababu ukifungua kinu kinapozunguka utaumia, na ukikisimamisha hakuna kinachotokea.

Aliyefungua mlango alikuwa mhandisi wa miamba. Peter Cundall, mwaka 1971, alitaka kujua jinsi miamba iliyopasuka inavyoporomoka. Badala ya kuuchukulia mlima kuwa kitu kimoja, akaufanya vipande vingi, kila kimoja kikifuata mwendo wake. Mwaka 1979, yeye na Otto Strack walichapisha makala iliyokuwa msingi wa fani nzima, wakielezea njia ya kuhesabu mikusanyiko ya punje moja moja. Mwaka 1992, Mishra na Rajamani wa Chuo Kikuu cha Utah wakaitumia kwa vinu vya mipira ya chuma vya migodini. Viwanda vya dawa vilikuja nyuma. Elimu hii, kwa maneno mengine, imepanda kutoka mgodini hadi duka la dawa, na hilo lina maana kwa watu wa Dodoma, kama nitakavyoeleza.

Kinachofanyika ni hiki. Kila chembe hupewa tungamo, kipenyo, mahali ilipo na kasi. Programu huangalia nani anagusana na nani. Zinazogusana huruhusiwa kuingiliana kidogo mno, na kadiri zinavyoingiliana ndivyo zinavyosukumana, huku msuguano ukizizuia kuteleza na sehemu ya nishati ikipotea katika kila mgongano. Nguvu zote zikishajumlishwa, kanuni ya Newton hutoa mchapuko, mchapuko hutoa kasi mpya, na kasi hutoa mahali papya. Hayo yote ni kwa sehemu ya milioni ya sekunde, au chini ya hapo. Kisha huanza upya. Dakika moja ya kinu hudai marudio milioni 60.

Katika kila mgongano, kompyuta huandika nishati iliyotumika. Ikivuka kiwango ambacho chembe ya ukubwa huo haivumilii, chembe huvunjwa na vipande huwekwa mahali pake. Au hutumika njia nyepesi zaidi, ambayo binafsi naiona ndiyo yenye manufaa kwa nchi kama yetu: kompyuta haivunji chochote, inakusanya tu takwimu za migongano, kisha hesabu ya pili hufuatilia makundi ya ukubwa. Chembe ngapi za mikroni 200 zitavunjika katika sekunde ijayo, na vipande vyake vitaangukia makundi gani? Ni hesabu inayokimbia kwenye kompyuta ya kawaida. Na programu za bure zipo. LIGGGHTS, kwa mfano, mtu yeyote anaweza kuipakua, kuisoma ndani na kuibadilisha.

Faida si fedha peke yake. Unga wa dawa unapepea. Mfanyakazi anayevuta vumbi la kiuavijasumu kila siku yuko hatarini, na vumbi la penicillin likiruka hadi kwenye dawa nyingine linaweza kumuua mtu mwenye mzio. Ndiyo maana penicillin hutengenezwa katika majengo ya peke yake. Vumbi laini hewani huweza hata kulipuka likipata cheche. Mwanafunzi anayejifunza kusaga kwa kompyuta hukosea mara mia bila mapafu ya mtu yeyote kuingia unga.

Ila nisiwadanganye wasomaji kwamba kompyuta inajua mambo. Gramu moja ya unga wa mikroni 10 ina chembe zaidi ya bilioni moja. Kompyuta nzuri ya ofisini huhimili mamilioni machache. Kwa hiyo wahesabuji huweka chembe moja kubwa kuwakilisha maelfu ya ndogo, kisha hurekebisha nguvu zake ili lundo zima liende kama lundo halisi. Marekebisho hayo hayatoki hewani. Hutoka kwenye vipimo. Mwaga unga upime mteremko wa lundo lake. Dondosha chembe uone inaruka kiasi gani. Chekecha, pima kwa mwanga wa leza, rudia. Mwigo usiopimwa ni picha nzuri ya kuonyesha wageni, na nimekuwa nikishangaa jinsi picha hizo zinavyoaminiwa kwa sababu tu zina rangi na zinatembea.

Na hapa hali ya hewa ya Dodoma inakuwa jambo la kisayansi. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na miezi mingine ni ukavu unaopasua midomo. Dar es Salaam ni joto na unyevu. Unga laini huonja tofauti hiyo: katika unyevu, utando mwembamba wa maji hushikanisha chembe na unga huganda; katika ukavu, chembe zinazosuguana hujikusanyia umeme tuli, zikang'ang'ania kuta za mashine na zenyewe kwa zenyewe. Viwanda hudhibiti hewa yao ya ndani, lakini udhibiti hula umeme usiku na mchana. Mwigo uliopimwa hapa unaweza kusema udhibiti wa kiasi gani unatosha mwezi wa Agosti na kiasi gani Februari. Mwigo uliorekebishwa kwa vipimo vya maabara ya Ulaya hauwezi kukujibu hilo.

Tanzania haianzi kutoka sifuri. Shelys na Zenufa zimekuwa zikitengeneza vidonge Dar es Salaam kwa miaka mingi. Moshi, Kilimanjaro School of Pharmacy imeendesha mafunzo ya famasia ya viwandani kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Purdue na Howard vya Marekani, na yamepokea watu wa viwandani na wa mamlaka za udhibiti kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Purdue hiyohiyo ni mshirika wa kituo cha utafiti cha chembe na unga wa dawa kilichoanzishwa mwaka 2006 kikiongozwa na Rutgers kwa fedha za mfuko wa sayansi wa Marekani, mahali ambapo uigaji ninaousema ni kazi ya kila siku. Daraja, basi, lipo. Kompyuta kubwa nazo si ndoto: mfumo wa Ranger wa Chuo Kikuu cha Texas ulipostaafishwa mwaka 2013, baadhi ya makabati yake yalipelekwa Afrika Kusini, Botswana na Tanzania ili vyuo vya kusini mwa Afrika vijifunzie.

Upande wa udhibiti tunaweza hata kujivunia. Mwezi Desemba 2018, TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa ya nchi, ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa mamlaka ya kwanza Afrika kufikia kiwango cha tatu cha ukomavu katika udhibiti wa dawa. Mwaka uliofuata ikawa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na makao yake makuu sasa yako Dodoma.

Mjini hapa, basi, kuna wasimamizi wa dawa. Kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichofunguliwa mwaka 2007, chenye ndaki nzima ya taarifa na kompyuta, wahisabati na wanafizikia, na hospitali ya Benjamin Mkapa jirani yake. Kuna Chuo cha Madini, ambako vijana hufundishwa uchenjuaji, yaani kuponda, kusaga na kuchekecha mawe. Mwalimu wa uchenjuaji anaifahamu kanuni ya Bond kwa moyo. Anajua kwamba ngoma ya kipenyo cha mita moja ikifika mizunguko 42 hivi kwa dakika, mipira hung'ang'ania ukutani na kuacha kusaga. Mfamasia wa kawaida hajafundishwa hayo. Mwanafunzi wa kompyuta hajui lolote kati ya hayo, lakini anaweza kuyaandika yote kuwa programu kwa muhula mmoja. Watu hawa wanakula chipsi katika mji mmoja na hawajawahi kukalishwa meza moja kwa ajili ya kazi hii.

Ningependa wakalishwe, na ningependa waanze na griseofulvin. Sababu zangu ni tatu na zote ni za kawaida: historia yake imeandikwa vizuri, hivyo majibu yanaweza kulinganishwa, ni dawa ya watoto wetu, na si ya hatari kuishika kama digoxin. Wanahitaji kinu kidogo cha nyundo cha mezani, seti ya machekeche, kipimo cha leza cha ukubwa wa chembe, kipima unyevu na kompyuta moja yenye kadi nzuri ya michoro. Kipimo cha leza ndicho ghali. Vingine ni vya bajeti ya idara. Wasage kwa kasi tatu au nne, wapime msimu wa kiangazi na wa masika, waingize namba kwenye mwigo, kisha wabashiri matokeo ya kasi ambayo hawajaijaribu na kuyaandika kabla ya kuwasha mashine. Baada ya hapo wakaguzi wa TMDA waitwe waone ubashiri na unga vikiwekwa pamoja, waulize maswali yao magumu, na waulize hasa pale viwili hivyo vilipopishana.